Saa ya Mkono wa Kulia

Kila asubuhi, kabla jua halijavuka milima inayouzunguka mtaa wa Darsait, Mahfoudha alimpelekea baba yake kahawa uani, na kila asubuhi alimkuta katika shughuli ile ile. Bwana Marhoon alikuwa amekwisha kulifuta vumbi basi lake dogo la buluu. Alikuwa amekwisha kuyapiga magurudumu kwa ncha ya kiatu ili asikie kama yana upepo wa kutosha. Sasa alikuwa ameketi penye usukani, akiifunga saa yake. Aliifunga mkono wa kulia. Kisha aligonga kioo cha saa kwa kidole na kusema kwa sauti ya chini, "Bismillahi. Kulia."

Mahfoudha alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa mtoto wa kuuliza. Alitaka kujua kwa nini chumvi haiozi, kwa nini mbuzi wa Darsait hupenda kulala juu ya magari, na kwa nini sauti ya adhana huendelea kurudi kutoka milimani baada ya muadhini kunyamaza. Tangu walipohamia Maskati kutoka Dubai, katika miezi ya mwisho ya mwaka 1970, alikuwa akiwatazama wanaume katika soko la Matrah. Wenye saa wote walizivaa mkono wa kushoto. Alimwuliza mama yake, Bi Masouda, ambaye alimjibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Muulize mwenye saa."

Asubuhi hiyo alimwuliza mwenye saa.

"Baba, mkono wa kulia ndio unaoandikia, ndio unaolia chakula. Saa haikusumbui?"

"Inanisumbua," alisema Bwana Marhoon. "Ndiyo maana nnaivaa huku."

Mahfoudha alikaa kwenye kidato cha basi. Alijua kwamba baba yake akianza hadithi kwa jibu la namna hiyo, hadithi itafika mwisho ikiwa tu msikilizaji hatamharakisha.

"Unguja niliendesha lori la karafuu tangu ujana wangu," alisema. "Kule gari hupita kushoto. Tulipofika Dubai, wewe ukiwa mdogo, nako walikuwa wakipita kushoto, kwa hivyo sikubadilisha kitu. Kisha mwaka 1966 serikali ya kule ikatangaza kwamba kuanzia siku fulani magari yote yatapita kulia. Watu tukajifunza. Nami nikajifunza. Lakini miezi michache baadaye, alfajiri moja, nilitoka na gari sokoni. Barabara tupu, mawazo yangu yako Unguja. Mikono ikashika njia iliyoizoea. Nikaenda kushoto."

"Ukamgonga mtu?"

"Nililigonga gari la mkono la muuza vitunguu. Mwenyewe aliruka, Mungu akamsalimisha. Vitunguu vilijaa barabara nzima. Nilipelekwa mbele ya hakimu, nikatozwa faini, nikamlipa mwenye vitunguu, na siku ile ile nikaihamisha saa yangu. Tangu hapo, kila nikishika usukani, saa hunikera, nami nnakumbuka upande wa kupita."

Mahfoudha alicheka kwa sababu ya vitunguu, na baba yake akacheka naye. Hapakuwa na siri katika jambo hilo. Bwana Marhoon alilisimulia kama mtu anavyosimulia kovu la utotoni.

Basi lile la buluu ndilo lililowaleta Maskati, na ndilo lililokuwa tumaini la nyumba nyingi, si la nyumba yao peke yake. Shule mpya ya wasichana ilikuwa imefunguliwa ng'ambo ya milima. Kutoka Darsait mpaka huko ilikuwa mbali kwa miguu, na wazazi wengi, ambao kama akina Mahfoudha walikuwa wamerudi juzi tu katika nchi ya babu zao, hawakutaka kuwapakia binti zao katika gari la mtu wasiyemjua. Bwana Marhoon walimjua. Wengine walikuwa wamemjua tangu enzi za lori la karafuu. Walikubaliana kwamba atawapeleka wasichana na kuwarudisha.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Hamdiya, aliwaambia kwamba mpango huo ni mzuri na kwamba ana sharti moja tu. "Sitapokea mwanafunzi atakayeshuka katika basi lisilo na bima ya abiria," alisema. "Likitokea la kutokea, nataka kujua nani atamlipa daktari." Masomo yangeanza siku ya Jumamosi.

Aliyeihesabia Jumamosi kwa hamu kuliko wote ni Bakhita, jirani na rafiki wa Mahfoudha, msichana mwenye ulimi mwepesi na miguu myepesi zaidi.

"Baba yangu kasema ni basi la ami Marhoon au ni jiko," alimwambia Mahfoudha walipokuwa wakichota maji. "Nami jiko nnalijua. Halina la kunifundisha."

"Basi litakuwapo," alisema Mahfoudha.

"Hiyo bima nayo ina mambo. Mjomba wangu kule Bahrain aliomba, akawaeleza kwamba zamani alipata kushitakiwa kwa kwenda mbio. Wakamkatalia. Gari lake sasa linatagiwa na kuku."

Mahfoudha alijitwika maji yake. Maneno ya Bakhita yalimwingia kama mchanga kiatuni, na alitembea nayo mpaka nyumbani.

Jioni hiyo Bwana Marhoon alikuja na fomu ya maombi ya bima, aliyopewa na wakala huko Matrah. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa kampuni yenyewe ilikuwa na makao yake nje. Bwana Marhoon alisoma Kiarabu na Kiswahili vizuri sana, lakini Kiingereza hakukijua. Mahfoudha alikuwa amejifunza Kiingereza shuleni Dubai.

"Leo wewe ndiye karani," baba yake alimwambia, akivuta taa karibu. "Soma swali, nitalijibu, nawe andika ninalosema."

Walianza. Jina la mwenye gari. Aina ya gari. Umri wa dereva. Amekuwa akiendesha kwa muda gani. Mahfoudha alifasiri kila swali kwa uangalifu na kuandika kila jibu kwa mwandiko wake wa duara, naye alijiona mtu mkubwa. Kisha alifika kwenye swali lililouliza kama dereva amewahi kutiwa hatiani kwa kosa la barabarani, katika nchi yoyote, ndani ya miaka mitano iliyopita. Chini yake palikuwa na mistari mitupu.

Kalamu ilisimama. Aliviona vitunguu vya Dubai vikibingirika barabarani. Aliwaona kuku wa Bahrain wakitaga garini. Alimwona Bakhita jikoni.

"Vipi, karani? Umekwama?" baba yake aliuliza.

"Wanauliza," alisema Mahfoudha, "kama umewahi kushitakiwa kwa kosa la barabarani hapa Maskati."

"Hapa? Tumefika juzi. Alhamdulillahi, hapana."

Mahfoudha aliandika "hapana" na kuiacha mistari mitupu kama ilivyokuwa. Alijiambia kwamba hakusema uongo. Dubai ni nchi nyingine, ina hakimu wake na faini yake, na faini ililipwa. Kosa limebaki huko huko. Hata hivyo, aliyapitia maswali yaliyosalia kwa haraka, na mwandiko wake haukuwa wa duara tena.

Siku iliyofuata baba na binti walikwenda Matrah. Ofisi ya wakala ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na dirisha lake lilitazama bandari. Wakala, Bwana Aflah, alikuwa naye mzaliwa wa Unguja, mtu mnene, mpole, mwenye mazoea ya kulaza kalamu yake sikioni na kuitafuta mezani. Aliisoma fomu mwanzo mpaka mwisho.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wa karani wangu," alisema Bwana Marhoon, na akamshika Mahfoudha bega.

"Mashallah. Basi leo nitakupa hati ya muda. Fomu yenyewe nitaituma makao makuu. Nipe nafasi niiandike."

Adhana ya adhuhuri ilisikika, na Bwana Marhoon akaomba ruhusa kwenda msikitini. Bwana Aflah alibaki kuilinda ofisi, kwani mwenziwe alikuwa ametoka, nao walisali kwa zamu. Mahfoudha alikaa kwenye kiti kirefu akiitazama kalamu ikitembea. Swali lilikuwa limemkaa kooni tangu jana, na yeye hakuwa mtoto wa kumeza maswali.

"Ami Aflah," alisema, "bima ni kitu gani hasa?"

Bwana Aflah aliweka kalamu sikioni. Ilionekana kwamba watu wengi walimwuliza bei, na wachache sana walimwuliza hivyo.

"Umewahi kuona falaji?"

"Nimesikia tu. Ni mfereji wa maji."

"Ni mfereji unaoleta maji kijijini kutoka chini ya mlima. Kijijini kwa babu yangu kila nyumba hutoa kitu kidogo kila mwaka na kukiweka pamoja. Kingo za mfereji zikibomoka penye shamba la mtu, lile fungu la pamoja ndilo linalotengeneza. Leo ni wewe, kesho ni mimi. Hakuna anayeweza kulijenga falaji peke yake, na hakuna anayeachwa bila maji. Bima ni hivyo hivyo, ila badala ya maji tunazungumzia magari."

"Kila nyumba hutoa sawa?"

"Hapana. Anayefuga mbuzi wenye tabia ya kuzibomoa kingo hutoa zaidi kidogo. Ndiyo haki."

Mahfoudha alifikiri. "Na kama mbuzi alizibomoa kingo za kijiji kingine? Zamani, kabla hajaletwa hapa?"

"Je, mbuzi akivuka mpaka huziacha kwato zake nyuma?"

Msichana hakuweza kujizuia kutabasamu, lakini moyo wake haukutabasamu. "Lakini hapa hajabomoa kitu."

"Kweli. Lakini sisi hatuuulizii mpaka, tunaulizia mbuzi. Barabara za Dubai ni za Dubai, za Bahrain ni za Bahrain, lakini macho na mikono ya dereva ni ile ile kila anapokwenda. Kampuni inapouliza, haitaki kumwadhibu mtu mara ya pili. Inataka kujua inamwahidi nani."

"Na kama mbuzi amefunzwa? Kama mwenyewe kamfunga kengele, na tangu siku hiyo hajabomoa tena?"

Bwana Aflah alimtazama kwa makini zaidi kidogo. "Basi mwenye mbuzi atuambie na atuonyeshe hiyo kengele. Ndiyo maana katika fomu tumeacha mistari ya kueleza. Wengi hawaioni. Wakishaandika 'hapana' hukimbilia swali linalofuata."

Mahfoudha aliteremsha macho. "Na asiposema?"

"Atapata hati nzuri yenye muhuri," alisema Bwana Aflah, "na itakuwa nzuri kila siku ambayo haihitajiki. Siku ya ajali ndiyo siku kampuni itakapouliza Dubai, Kuwait, popote. Ikikuta jibu halikuwa la kweli, itasema kwamba mkataba huu haukuwapo tangu mwanzo. Hapo aliyevunjika mguu atamtafuta wa kumlipia daktari, na hatampata." Alichukua kalamu sikioni baada ya kuitafuta mezani. "Una swali jingine, binti yangu?"

"Hapana," alisema Mahfoudha. Neno hilo alilijua sasa. Lilikuwa jepesi kutamka na zito kubeba.

Baba yake aliporudi kutoka msikitini, hati ilikuwa tayari. Bwana Marhoon aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja na kuiweka kifuani.

Ijumaa, baada ya sala, wasichana wa Darsait waliitwa kufanya safari ya majaribio. Bwana Marhoon alitaka wajue wapi watapanda, wapi watakaa, na namna ya kushuka bila kusukumana. Viti vya basi vilikuwa mbao tupu. Bi Masouda alikuwa amepima kila kimoja kwa futi yake ya kushonea, kwani mumewe alikuwa amemwahidi kununua sifongo wiki ijayo, naye angeshona mito ya kukalia yenye maua.

Basi lilipita Matrah na kuanza kupanda kilima kuelekea Maskati. Barabara ilikuwa nyembamba, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Wasichana waliimba. Kwenye kona ya juu lilitokea lori lililopakia mawe ya ujenzi, likiwa limekula nusu ya upande wao. Bwana Marhoon alipiga honi, akakaza breki, akalisogeza basi kulia mpaka ubavu wake ukaukwaruza mwamba. Lori lilipita. Vumbi lilipotulia, hakuna aliyeumia, ila msichana mmoja mdogo alikuwa ameangukia magotini mwa mwenzake na alikuwa akilia kwa hofu.

"Nyamaza, mdogo wangu," alisema Bakhita, huku sauti yake mwenyewe ikitetemeka. "Hata tungegongwa, tungetibiwa. Si tuna hati ya bima?"

Mahfoudha alizitazama sura za wenzake, moja baada ya moja. Wote walikuwa wamepanda basi hilo kwa sababu wazazi wao waliiamini karatasi iliyokuwa kifuani mwa baba yake, na ni yeye peke yake aliyejua kwamba ile karatasi ilikuwa kama mwavuli usiokuwa na kitambaa.

Waliporudi na wasichana kutawanyika, Bwana Marhoon aliinama kuutazama mkwaruzo ubavuni mwa basi. Mahfoudha alisimama nyuma yake.

"Baba, fomu ile sikukusomea sawasawa."

"Vipi?"

"Waliuliza katika nchi yoyote. Mimi nikakwambia hapa Maskati." Maneno mengine yalitoka kwa haraka, la Bahrain, la kuku, la Bakhita na jiko, na la mbuzi wa ami Aflah, mpaka akaishiwa na pumzi.

Bwana Marhoon hakuinuka upesi. Alipitisha kiganja juu ya mkwaruzo, kana kwamba ndio uliokuwa ukizungumza naye.

"Ulinisomea swali dogo," alisema hatimaye, "nami nikakupa jibu dogo. Kisha jibu hilo ukalipeleka mahali pa kubwa, na jina langu chini yake."

"Nilitaka twende shule."

"Nnajua ulichotaka. Si kibaya. Lakini umenifanya nimdanganye mtu aliyeniamini, na mimi mwenyewe sijui kama nnamdanganya." Aliitoa hati kifuani na kuitazama. "Kesho basi haliendi. Sitampakia mtoto wa mtu juu ya hati hii. Nawe utakwenda nyumba kwa nyumba leo hii, uwaambie."

"Niwaambieje?"

"Kama ulivyoniambia mimi."

Hakuna kazi iliyokuwa nzito kwake kuliko hiyo. Katika nyumba nyingine walimsikiliza wakasema ni heri imejulikana mapema. Katika nyumba moja mama mmoja alisema wazi kwamba mtoto anayepotosha maneno ya serikali na kampuni si mtoto wa kuachiwa kalamu. Mahfoudha alilipokea hilo, akaenda mlango uliofuata. Nyumba ya akina Bakhita aliiacha ya mwisho.

Baba yake Bakhita alimsikiliza mlangoni, mikono nyuma. "Nitangoja," alisema. "Lakini sitangoja mwezi." Akaingia ndani.

Bakhita alibaki kizingitini. "Kwa hiyo siku ya kwanza ya shule nitaikosa kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu," alikubali Mahfoudha.

"Na mimi ndiye niliyekutia maneno ya mjomba wangu." Bakhita alikwaruza mlango kwa ukucha. "Sitasema nimekusamehe leo. Uje kesho kutwa, nitakuwa tayari."

Jumamosi, saa ambayo wasichana wengine wa Maskati walikuwa wakiingia darasani, Mahfoudha alikuwa amesimama mbele ya meza ya Bwana Aflah. Baba yake aliiweka hati mezani na kumwachia binti yake aseme. Alisema.

Bwana Aflah hakuonekana kushangaa sana. "Nilidhani yule mbuzi ana mwenyewe," alisema. "Ningeuliza siku ile ile. Sikuuliza, na hilo ni kosa langu." Akatoa fomu nyingine. "Bwana Marhoon, nieleze jambo lenyewe tangu mwanzo."

Bwana Marhoon alieleza kuhusu alfajiri, vitunguu, hakimu na faini. Mahfoudha aliandika maelezo hayo yote kwa Kiingereza katika mistari ile mitupu, na safari hii aliyasoma kwa sauti kwa Kiswahili, neno kwa neno, kabla baba yake hajatia sahihi.

"Na tangu siku hiyo umefanya nini ili jambo hilo lisirudi?" aliuliza wakala. "Makao makuu watataka kujua."

Bwana Marhoon aliona haya kidogo. Mahfoudha akaushika mkono wa kulia wa baba yake, akauvuta juu ya meza, na saa ikaonekana.

"Hii ndiyo kengele, ami Aflah," alisema.

Wakala aliitazama saa, kisha akaangalia yake mwenyewe, iliyokuwa mkono wa kushoto, akacheka mpaka kalamu ikamwanguka sikioni. "Andika na hilo," alisema. "Liandike kama lilivyo. Leo hii nitawapelekea telegramu."

Jibu lilikuja Jumanne. Kampuni ilikubali kulibebea basi dhamana. Lakini kwa sababu ya kosa lile la Dubai, ada ya mwaka wa kwanza ilipandishwa, na kama mwaka ungepita bila kosa, ingeteremshwa iwe kama ya madereva wengine. Bakhita aliposikia alishangaa kwamba hawakukataliwa. Alipomwuliza tena baba yake habari za mjomba wa Bahrain, alijibiwa kwamba mjomba hakushitakiwa mara moja, bali mara nyingi, na kwamba hata kuku waliokuwa wakitaga katika gari lile walikuwa wakihatarisha maisha yao.

Ada ilipopanda, fedha za sifongo zilikwenda huko. Bi Masouda aliikunja futi yake, akatoa mikeka miwili ya zamani, akaikata na kuipindia kingo ili iwe vitandiko vya kukalia. Mahfoudha alikaa naye mpaka ukingo wa mwisho, akimshikia.

Jumatano asubuhi wasichana wa Darsait walikuwa wamekusanyika uani, sare mpya zikiwa zimepigwa pasi mpaka zikang'aa. Bakhita alikalia mkeka mwembamba juu ya mbao, akasogea huku, akasogea kule.

"Kiti hiki kina mifupa kuliko mimi," alisema.

"Kaa na mimi hapa, mkeka umekunjwa mara mbili," alisema Mahfoudha, na Bakhita akaja, akamsukuma kidogo kwa nyonga, akakaa.

Bwana Marhoon aligeuka penye usukani akawatazama wote. Hakuwa mtu wa hotuba, na kwa hivyo walinyamaza upesi.

"Wanangu," alisema, "mnakalia mbao kwa sababu mimi nilikosea Dubai, na mmechelewa siku chache kwa sababu binti yangu alificha kosa langu hapa Maskati. Sasa mpime wenyewe. Kosa la Dubai limetugharimu mito ya kukalia. Lile la kulificha lingeweza kumgharimu mmoja wenu mguu, na asipatikane wa kumtibu. Kosa halibaki nyuma mtu anapovuka mpaka. Husafiri naye. Ukilivaa mahali penye kuonekana, kama nnavyoivaa saa hii, hukukumbusha njia, na watu wakijua ulivyo hukusaidia. Ukilificha, nalo husafiri, ila hukungoja kwenye kona. Semeni kweli yote, hata pale mtu alipowauliza nusu, na hata pale nusu ingetosha kuwapendeza."

Mahfoudha alikuwa na swali, kwa kuwa alikuwa Mahfoudha.

"Baba, mwaka ukipita bila kosa, na ada ikiteremshwa, saa utairudisha kushoto?"

Bwana Marhoon alifikiri kama mtu anayeulizwa jambo la maana.

"Hapana," alisema. "Nimeizoea kunikera."

Aligonga kioo cha saa kwa ncha ya kidole. "Bismillahi," alisema, na wasichana wote, bila kuambiwa, wakamalizia kwa pamoja, "Kulia," na basi la buluu likatoka uani taratibu, likashika upande wake.